Mizigo Ilishuka, Sisi Tulibaki

Mkataba wangu wa kazi ulikwisha tukiwa katikati ya bahari, wakati nchi zinafunga mipaka moja baada ya nyingine. Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona sasa ni janga la dunia. Habari tulizipata kwa mafungu, kila meli ilipokaribia pwani na simu zikashika mtandao: kwanza viwanja vya ndege vimefungwa, kisha hoteli, kisha shule. Nahodha alitukusanya kwenye chumba cha kulia akasema kwa upole kwamba waliopangiwa kushuka bandari ijayo wasifungashe kwanza.

Mimi ni fundi wa injini kwenye meli ya makontena. Naandika haya kwa sababu kila nikisikiliza watu wakibishana juu ya karantini na uhuru wa kusafiri, nasikia kambi mbili tu. Moja inasema funga kila kitu, uhai kwanza. Nyingine inasema hakuna serikali yenye haki ya kumzuia mtu mzima asiyeumwa. Mimi nimefungiwa ndani ya mlango, na kuna siku mimi mwenyewe ndiye niliyeushikilia usifunguliwe. Kambi zote mbili zinanishinda kuingia.

Mtu wa nchi kavu huenda asijue baharia anashukaje meli. Si kuteremka ngazi na begi begani. Mwenzako anayekuja kushika nafasi yako lazima apande ndege kwao, apite nchi moja au mbili njiani, apate viza, alale hoteli, apimwe, ndipo apande meli. Wewe unafuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Kila hatua ni mlango, na kila mlango una ofisi yake. Mwaka 2020 milango hiyo ilifungwa kila mmoja kwa ratiba yake: leo nchi hii inaruhusu mabaharia kushuka lakini haina ndege, kesho ndege zipo lakini nchi ya kupitia imekataa wasafiri. Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilikadiria kuwa mabaharia wapatao 400,000 walikuwa melini huku mikataba yao imekwisha, na wengine karibu idadi hiyohiyo walikuwa majumbani wakisubiri kuwapokea, wengi wao bila mshahara.

Sheria ipo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 hauruhusu mtu kukaa melini mfululizo hadi atimize miezi 12 bila kurudishwa kwao. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa huruma peke yake. Fundi aliyechoka anasahau valvu aliyoiacha wazi, ofisa aliyechoka anasinzia kwenye zamu ya usiku, na meli iliyobeba maelfu ya makontena haina pa kukimbilia. Nilisaini nyongeza ya mkataba, kisha nyongeza ya nyongeza. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Lakini pia hakuna aliyeniambia ningekwenda wapi kama nisingesaini.

Kilichoniuma zaidi kuliko kuchelewa kurudi ni kuangalia kreni. Kila bandari zilifanya kazi usiku na mchana kama kawaida. Kontena la dawa lilishuka, la barakoa likashuka, la vipuri likashuka, na hakuna aliyeliuliza kontena hata moja limekaa siku ngapi baharini. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za dunia, kwa ujazo, husafirishwa kwa meli. Mtu aliyejifungia ndani kwa hiari, akiagiza vitu kwa simu na kuletewa mlangoni, alikuwa na uhuru wa kujifungia kwa sababu kuna wengine hawakuruhusiwa kushuka. Sisemi hivi ili aone haya. Nasema kwa sababu hesabu ya uhuru na afya hupigwa mara nyingi bila kuuliza nani yuko upande wa kulipa.

Hapa ningeweza kuendelea kulalamika, na nina ya kulalamikia ya kutosha. Ila kuna upande mwingine ambao nikiuacha nitakuwa nimedanganya.

Kipindi kile sisi tuliogopa bandari kuliko bandari ilivyotuogopa. Baada ya wiki kadhaa baharini bila mtu kuumwa, meli yetu ilikuwa mahali salama kuliko mji wowote tuliokuwa tunauendea. Hatari ilipanda na rubani wa bandari anayekuja kuiongoza meli kuingia, na wakala wa meli, na mkaguzi wa karatasi. Kwa hiyo tulijiwekea sheria zetu. Tuliwachorea wageni njia moja ya kupita kwenye staha, tukawatengea choo kimoja, tukafunga milango ya ndani na kufuta vyuma vya ngazi kwa dawa kila baada ya mtu kupita. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa staha, alisimama juu ya ngazi na kipimajoto mkononi. Bandari moja alikuja mchuuzi wa laini za simu. Watu wa nchi kavu hawajui thamani ya mtu huyo: ndiye wa kwanza tunayemkimbilia kila meli inapofunga gati, maana yeye ndiye anayetuunganisha na watoto wetu. Serahangi alimrudisha chini. Nilikuwa nyuma yake nikafurahi.

Sababu ilikuwa rahisi. Melini hatuna daktari. Kuna ofisa aliyesomea huduma ya kwanza na ushauri wa daktari kwa redio, kuna kabati la dawa na kitabu. Tunakula chumba kimoja, tunavuta hewa ya mabomba yaleyale. Akiugua mmoja, tutaugua wengi, na akizidiwa mtu mbali na pwani hakuna helikopta inayofika. Nilipima uhuru wa yule mchuuzi wa kutafuta riziki na mapafu ya watu ninaolala nao chini ya paa moja, na sikuchukua hata dakika kuamua. Tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu akisema kufunga mlango ni udikteta tu, nikaitikia.

Dada yangu mdogo ni muuguzi. Tukipata mtandao tulikuwa tunaongea, yeye katoka zamu, mimi naingia zamu.

"Kaka, nakuonea huruma," aliniambia siku moja, "lakini ningekuwa mimi nina ufunguo wa uwanja wa ndege, ningeufunga leo."

Nikamuuliza mimi nibaki huku hadi lini.

"Wewe unataka tarehe. Mimi nataka vitanda. Oksijeni tunagawana kwa zamu. Nipe wiki chache tu wodi ipumue."

"Wiki chache zako ndizo miezi yangu, mdogo wangu."

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka cheko la mtu aliyechoka. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hujui wodi yangu, na mimi sijui meli yako."

Katika maneno yote niliyosikia juu ya jambo hili, hayo ndiyo niliyoyakumbuka zaidi. Kufunga mipaka hakukuwa kunaua kirusi. Kulikuwa kunanunua muda. Na muda una thamani ikiwa kuna mtu anautumia: kuongeza vitanda, kufundisha wauguzi, kutafuta chanjo. Nchi iliyofunga mpaka kisha ikalala ilitukopa sisi tuliokwama na haikufanya lolote na mkopo huo.

Mabaharia tuna ukoo mrefu na jambo hili. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru watu waliotoka sehemu zenye tauni wakae siku 30 nje ya mji, kwenye visiwa vya jirani, kabla ya kuingia. Venice ikatenga kisiwa cha kuwaweka wagonjwa wa tauni mwaka 1423, na baadaye siku 40 zikawa desturi ya bandari nyingi. Wakati huo hakuna aliyejua bakteria ni nini wala viroboto wanafanya nini. Walichokijua ni kwamba ukimpa ugonjwa muda wa kutosha, ama utajitokeza au utakwisha. Melini kwetu bado kuna bendera ya njano tupu. Ukiipandisha leo maana yake ni kwamba meli ni salama kiafya na inaomba ruhusa ya kuingia. Nimeipandisha mara nyingi bila kuifikiria. Mwaka 2020 niliitazama ikipepea nikajiuliza tunaomba ruhusa kwa nani hasa.

Anayetaka ushahidi kwamba kufunga bahari kunaweza kuokoa watu, aende Samoa ya 1918. Visiwa hivyo viligawanywa sehemu mbili: magharibi chini ya New Zealand, mashariki chini ya Marekani. Novemba 7 mwaka huo meli iitwayo Talune ilifika Apia, upande wa magharibi, ikitoka Auckland na wagonjwa wa homa ya mafua ndani, ikaruhusiwa kuteremsha watu. Kiasi cha mtu mmoja katika kila watano wa Samoa ya Magharibi alikufa. Upande wa pili gavana John Poyer alipata habari za ugonjwa, akazuia meli, na watu wa visiwani wakasaidia kulinda pwani yao. Hakufa hata mmoja kwa mafua hayo. Mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi Wasamoa. Watu wale wa magharibi hawakunyimwa uhuru wa kusafiri. Walinyimwa karantini.

Lakini historia hiyohiyo ya bahari ina mfano wa pili, nao ni wa juzi tu. Februari 2020 meli ya watalii ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani. Wafanyakazi je? Waliendelea kupika, kupeleka sahani mlango kwa mlango, na kulala wawili wawili au zaidi katika vyumba vya chini. Mwishowe watu 712 walikutwa na maambukizi. Mimi nikisoma habari ile sikuona abiria hata kidogo, nilimwona yule anayesukuma toroli la chakula. Kwa abiria ilikuwa karantini. Kwake ilikuwa zamu ya kawaida ndani ya meli yenye ugonjwa. Neno ni moja, kamba ni moja, lakini haikuwafunga sawa.

Ukitaka kuona zuio linalomwadhibu mkweli, angalia Novemba 2021. Wanasayansi wa Afrika Kusini walitoa taarifa kuhusu kirusi cha aina mpya tarehe 24, na siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likakipa jina la Omikroni. Kufumba na kufumbua nchi nyingi tajiri zikapiga marufuku wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Baadaye ikajulikana kwamba kirusi hicho kilikuwa tayari kimeonekana katika sampuli zilizochukuliwa Uholanzi kabla ya marufuku. Uingereza ilikuwa imeziweka nchi 11 za Afrika kwenye orodha nyekundu. Ilizitoa zote Desemba 15, kwa sababu kirusi kilikuwa tayari kimesambaa ndani kwake. Sisi tulikuwa na mabaharia wawili kutoka eneo hilo. Mmoja alikuwa hajakanyaga kwao tangu mwaka uliotangulia, lakini pasipoti yake ndiyo iliyosomwa, si njia aliyopita. Hapo sioni cha kupima. Zuio lililotegemea uraia wa mtu badala ya mahali alipokuwa halikuwa la afya.

Niseme na habari ya jino, maana ndilo lililonifundisha nini cha kudai.

Mwenzetu mmoja wa staha alivimba shavu. Ofisa alimpa dawa za kabatini kama daktari wa redio alivyoelekeza, uvimbe ukapungua kisha ukarudi mkubwa zaidi, akawa hawezi kufungua kinywa. Tulifika bandari yenye hospitali unayoiona kwa macho kutoka kwenye staha. Nahodha akaomba ashushwe. Jibu lilikuwa kwamba mabaharia hawaruhusiwi kushuka. Akaeleza kwamba meli haina mtu mwenye dalili za korona, kwamba mgonjwa atavaa barakoa, atakwenda kwa gari moja na kurudi kwa gari hilohilo. Jibu likawa lilelile, na aliyelitoa alikuwa na adabu, sauti yake ya mtu anayesoma. Akaomba basi daktari wa meno apande. Hairuhusiwi wageni wasio wa lazima kupanda. Nahodha akauliza ni nani mwenye mamlaka ya kuamua vinginevyo. Hapo ndipo lilipokosekana jibu kabisa. Yule wa simu hakuwa na uwezo, bosi wake aliongozwa na waraka, na waraka haukuwa na mahali palipoandikwa jino.

Alitibiwa bandari iliyofuata, akiwa na homa kali. Alipona. Sheria ya mabaharia inazitaka nchi zimruhusu baharia anayehitaji matibabu ya haraka apate huduma ya nchi kavu, na nchi ile ilikuwa imeiridhia. Nimefikiri sana juu ya kisa kile, nikaona kwamba sikuwa na ugomvi na katazo lenyewe. Kuzuia wafanyakazi wa meli kuzurura mjini wakati wa janga kuna mantiki. Ugomvi wangu ni kwamba katazo lilikuwa halina mtu. Lilikuwa limeandikwa ili lisiwe na wa kuliuliza.

Wakati wangu wa kushuka ulipofika hatimaye, nilipelekwa hoteli iliyogeuzwa kituo cha karantini. Dirisha halikufunguka. Chakula kiliachwa nje ya mlango, unagongewa, unahesabu kidogo, ndipo unafungua. Sikukasirika. Nilikuwa nimepita viwanja vya ndege vilivyojaa watu wanaokohoa, na kama ningekuwa jirani wa hoteli ile ningetaka mtu kama mimi azuiliwe kwanza. Nilijua na hesabu yake: kwa kirusi cha mwanzo, muda wa kawaida kati ya kuambukizwa na kuonyesha dalili ni kama siku tano, na karibu wote wanaougua huonyesha dalili ndani ya siku 12 hivi. Siku 14 zina akili ndani yake.

Kisha nikaambiwa sitatoka siku iliyopangwa. Mtu wa ghorofa yangu alikutwa na maambukizi. Nikauliza nitatoka lini; mlinzi akasema atauliza. Kesho yake mlinzi mwingine akasema hajui. Ajabu ni kwamba siku zile chache zisizo na tarehe zilinitesa kuliko miezi ya melini. Nilianza kusikiliza hatua za watu ukumbini, nikagombana na mke wangu kwenye simu kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Wiki ya kwanza, yenye tarehe, niliipitisha nikifanya mazoezi na kulala.

Kilichonituliza ni simu ya daktari mwanamke, dakika kumi hivi. Alinieleza kwamba hewa ya ukumbi ilikuwa inaingia vyumbani mlango ukifunguliwa, ndiyo maana ghorofa nzima imeongezewa muda. Akataja siku ya kipimo, na siku ya kutoka endapo majibu ni safi. Akanipa namba ya kupiga kama nina neno. Chumba hakikubadilika hata kidogo, wala urefu wa kifungo. Mimi ndiye niliyebadilika, nikawa tena mtu anayeshirikiana na jambo badala ya kontena linalosubiri kibali.

Baadaye nilisoma kwamba mambo haya niliyoyagundua nikiwa nimelala chali yalikuwa yameandikwa zamani. Mwaka 1984 wataalamu wa sheria walikutana Siracusa, Italia, wakaweka kanuni za lini serikali inaweza kubana haki za watu: zuio liwe na msingi wa sheria, liwe la lazima kwelikweli, lisizidi ukubwa wa hatari, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilohilo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 12, unatoa haki ya kwenda na kurudi, na ibara hiyohiyo inataja afya ya umma kuwa miongoni mwa sababu za kuibana. Yaani hata watetezi wa haki za binadamu hawakuwahi kusema mlango usifungwe kamwe.

Kesi iliyonivutia zaidi ni ya New Zealand. Nchi ile ilifunga mpaka Machi 2020 na kuwataka raia wake wanaorudi wapite karantini ya hoteli. Watu wake wachache sana walikufa miaka ile ya mwanzo ukilinganisha na nchi nyingine tajiri. Lakini vyumba vilikuwa vichache kuliko wanaotaka kurudi, na kuanzia Septemba 2021 nafasi zikawa zinagawiwa kwa foleni ya kompyuta iliyopangwa kwa bahati nasibu. Mjamzito na mtu anayerudi kutoka matembezi walitumbukia katika kapu moja. Kulikuwa na njia ya maombi ya dharura, ila masharti yake yalikuwa magumu. Raia waliokwama nje wakaenda mahakamani, na Aprili 2022 mahakama kuu ikatoa uamuzi. Haikusema karantini ilikuwa kosa; ilikubali kwamba kwa ujumla ilikuwa na sababu. Ilisema mfumo ule wa bahati nasibu haukutazama ipasavyo hali ya mtu mmoja mmoja na muda aliokwisha kusubiri, kwa hiyo baadhi ya raia walivunjiwa haki yao ya kuingia nchini mwao. Niliposoma hivyo nilikumbuka jino.

(Jaji wa kesi ile anaitwa Mallon. Ni sadfa tu, lakini mtu aliyefungiwa karantini ndefu kuliko wote ninaowajua katika historia naye aliitwa Mallon.)

Mary Mallon alikuwa mpishi, Mwairishi aliyehamia New York. Alibeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuumwa, na watu katika nyumba alizopika wakawa wanaugua. Mwaka 1907 alikamatwa na kuwekwa kwenye kisiwa cha North Brother. Mwaka 1910 aliachiwa kwa ahadi ya kutopika tena. Lakini kupika ndiko kulikomlisha, na kazi nyingine alizoweza kupata zilimlipa kidogo. Mwaka 1915 akakutwa anapika kwa jina la bandia katika hospitali ya wazazi, ugonjwa umeshalipuka. Alirudishwa kisiwani akakaa hadi kufa kwake, 1938. Wengi humtaja kama mtu mbishi aliyehatarisha wengine, na kweli alihatarisha. Mimi naona pia mji uliomwambia aache kazi yake kwa faida ya wote kisha haukuona kuwa wote hao wana deni kwake. Ukimwomba mtu alinde majirani kwa riziki yake, mlipe. Usipomlipa atajificha, na ukimsukuma ajifiche umeharibu karantini kwa mkono wako.

Hotelini gharama zangu zililipwa na kampuni ya meli. Chumba cha pili alikuwa kijana mwanafunzi, tuliongea kwa kupaza sauti kupitia mlangoni. Yeye alilipa mwenyewe, na muda ulipoongezwa akaongezewa na deni. Kanuni za Afya za Kimataifa, ambazo karibu kila nchi duniani imefungwa nazo, zinasema katika ibara ya 40 kwamba msafiri asitozwe kwa karantini anayolazimishwa, isipokuwa anayekuja kutafuta ukaazi. Nchi nyingi zilitoza tu. Kijana aliniambia kwamba kama angejua bei mapema, angetafuta njia ya kuingia kimyakimya. Sikumjibu. Nilijua anasema kweli.

Tangu wakati ule baadhi ya mambo yamesogea. Desemba 1, 2020, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio likizihimiza nchi ziwahesabu mabaharia kuwa wafanyakazi muhimu. Mkataba wa mabaharia nao ulirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho yakaanza kutumika Desemba 2024: nchi itahakikisha baharia anayehitaji matibabu ya haraka anashushwa bila kucheleweshwa, na anayefia melini mwili wake unarudishwa kwao. Hilo la pili wasiojua watalishangaa. Mwaka 2021 nahodha Mwitaliano alifariki safarini, na mwili wake ukabaki melini kwa wiki nyingi kwa sababu bandari moja baada ya nyingine ziliukataa.

Nilimsomea dada yangu marekebisho hayo kwa simu. Alifurahi kwa ajili yangu, kisha tukarudi kwenye ubishi wetu. Mimi sasa nasema: janga likija tena, fungeni mipaka mapema kama sayansi inataka, ila siku hiyohiyo ya kufunga fungueni njia ya wanaobadilishana zamu, ya wagonjwa na ya raia wanaorudi, na wekeni mtu mwenye jina na simu wa kuamua yasiyoandikwa.

"Mtu huyo atatoka wapi?" akaniuliza. "Anayeweza kuamua nani ni hatari na nani si hatari ni daktari au muuguzi. Siku hiyo unayoisema, kaka, wote tutakuwa wodini."

Nikamwambia wafundishwe watu mapema, kabla ya janga. Akasema kila mwaka bajeti ya kufundisha watu wa namna hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa, maana hakuna anayewaona wakifanya kazi. Tukaliacha hapo, zamu yake ilikuwa inaanza.